Miche ya nyanya barazani: pesa iende wapi

Kwa wakazi wa Dar es Salaam, Pwani na Tanga, nyanya ya bustani ya nyumbani ina msimu wake. Inafaa iingie ardhini mwanzoni mwa Juni, masika yakiwa yamekatika, ili ichanue Julai na Agosti usiku ukiwa na ubaridi kidogo. Ukiipanda Aprili, mvua inakuletea bakajani na mnyauko. Ukiisogeza mpaka joto la Novemba, maua yanapukutika kabla hayajashika tunda.

Sasa hesabu kurudi nyuma. Mche wa nyanya unahitaji wiki nne hivi, pengine tano mawingu yakizidi. Maana yake mbegu iwe imeshafukiwa kati ya mwisho wa Aprili na katikati ya Mei, na huo ndio wakati ambao kitalu cha nje kinapigwa na mvua hadi mbegu zinaelea. Ndiyo maana ya kuotesha chini ya paa: barazani, dirishani, kwenye kibaraza cha ghorofani. Huna wiki nyingi za kufikiri.

Ukiingia duka la pembejeo utaoneshwa trei, mfuko wa udongo wa kuagizwa, taa, dawa ya ukungu, mbolea ya majimaji na bomba dogo la kunyunyizia. Kwa miche arobaini ya uani, vingi kati ya hivyo huvihitaji. Ninavyoona mimi, pesa ilipwe kwenye mbegu, jasho liende kwenye udongo, na chombo kisikugharimu hata senti. Na kama unataka miche isiyofika ishirini, usioteshe kabisa. Nunua iliyo tayari.

Tuanze na mbegu, kwa kuwa ukikosea hapo hutajua mpaka miezi mitatu baadaye, umeshamwagilia na kupalilia. Dukani kuna aina mbili. Kuna mbegu za kawaida kama Tanya, Tengeru 97, Cal-J na Rio Grande, ambazo ukikamua tunda lake ukahifadhi mbegu, msimu ujao unapata nyanya ya aina ileile. Na kuna chotara, zenye alama ya F1 kwenye pakiti. Za kawaida huuzwa kwa gramu. Chotara mara nyingi huuzwa kwa idadi ya punje, na punje moja ya chotara bei yake huizidi ya kawaida mara nyingi sana.

Je, chotara ina thamani ya pesa hiyo? Kwa mkulima wa ekari anayepeleka sokoni, mara nyingi ndiyo. Kwa uani, inategemea. Kama mwaka jana nyanya zako zilinyauka ghafla zikiwa bado za kijani, au majani yalijikunja na kuwa njano na mmea ukadumaa, una ugonjwa ambao baadhi ya chotara zinaustahimili. Hapo lipa, lakini soma pakiti: imeandikwa inastahimili ugonjwa gani? Muuzaji akikujibu kwamba inastahimili magonjwa yote, rudisha mkono mfukoni. Chotara nyingine sifa yake kubwa ni ganda gumu linalovumilia safari ya lori kutoka Iringa hadi sokoni. Wewe unachuma unatia kwenye sufuria, sifa hiyo usiilipie. Tena mbegu za tunda la chotara hazifai kutunzwa, kwa sababu kizazi kinachofuata hutoka mchanganyiko, kila mche na tabia yake. Kila msimu utarudi dukani.

Gharama iliyojificha kwenye mbegu ni ukubwa wa pakiti. Gramu moja ya nyanya ina punje zipatazo 300. Pakiti ya gramu kumi ina kama 3,000, na wewe una nafasi ya miche arobaini. Bei ya gramu kwenye pakiti kubwa itaonekana nafuu, ila unalipia mbegu zitakazofia kabatini. Chukua pakiti ndogo kuliko zote, au majirani wanne mchangishane pakiti moja mgawane. Kinachobaki kitie kwenye chupa kavu yenye mfuniko wa kubana, ukitanguliza vipande vya mkaa mkavu uliofungwa kwenye kitambaa vinyonye unyevu, kisha weka kwenye friji. Unyevu wa pwani huua mbegu haraka. Nyanya ikitunzwa hivyo inakaa miaka mitatu au minne. Kitunguu usikitarajie zaidi ya mwaka mmoja, kwa hiyo mbegu yake ya punguzo la mwisho wa msimu iache hapohapo.

Usinunue mbegu za kupimwa kwa kijiko kutoka kwenye kopo lililofunguliwa. Bei yake inavutia, lakini hujui aina yake, mwaka wake wala kopo limekaa juani kwa muda gani. Tafuta pakiti iliyofungwa yenye tarehe ya mwisho wa matumizi na lebo ya TOSCI, taasisi inayodhibiti ubora wa mbegu Tanzania, yenye namba ya kukwangua unayoihakiki kwa simu. Hakiki ukiwa bado dukani. Angalia pia zilipopangwa: pakiti zilizoning'inizwa mlangoni zikipigwa na jua la mchana zimeshapoteza nguvu, hata kama tarehe bado ni nzuri. Dai risiti.

Ukifika nyumbani, kabla hujajaza udongo popote, weka punje kumi kwenye kitambaa chenye unyevu, kunja, funika kwenye sahani. Kwa joto la Dar nyanya huchipua ndani ya siku tano hadi kumi. Zikitoka nane, mbegu ni nzima. Zikitoka tano, panda mara mbili ya mahitaji yako. Chini ya hapo, rudi na risiti yako. Jaribio hili halina gharama, na ndilo linalokuokoa usipoteze wiki tatu za msimu ukiusubiri udongo usiotoa kitu.

Kukamua mbegu kutoka nyanya za sokoni ni bure kweli, lakini kuna mtego. Nyanya nyingi za sokoni siku hizi ni chotara, na hujui shamba lilikuwa na ugonjwa gani. Kama jirani ana Tanya nzuri bustanini, hiyo ni habari nyingine. Omba tunda lililoiva sana, kamua mbegu na maji yake kwenye kikombe, acha zichachuke siku mbili tatu hadi ule utelezi utoke, osha, anika kivulini kwenye sahani. Karatasini zitagandia.

Chombo ni pale watu wanapotupa pesa. Trei za plastiki zipo za mashimo 66, 128, 200 na kadhalika. Shimo likiwa dogo, udongo ni kidogo, unakauka upesi, na mche hauwezi kukaa muda mrefu kabla mizizi haijajikunja. Kwa nyanya na hoho ukiamua kununua chagua ya 66 au 128. Zile za 200 waachie wa kabeji. Kisha kunja kona yake taratibu kabla ya kulipa. Trei nyembamba zinauzwa rahisi, lakini zinapasuka unapoisukuma miche kutoka chini, na jua likizipiga miezi michache zinakuwa za kuvunjikavunjika. Nene inaweza kuwa ghali maradufu ikadumu misimu mingi. Kwa anayeotesha mara tatu nne kwa mwaka, nene inajilipa. Kwa anayeotesha mara moja, zote mbili ni hasara.

Kwa sababu vikombe vya mtindi unavyo. Makopo ya majarini unayo. Chupa ya maji ya lita moja na nusu ukiikata katikati kwa urefu na kuitoboa chini inabeba miche sita saba. Toboa matundu ya kutosha, manne matano kila kikombe, maana maji yasipotoka mche unaoza. Hasara ya vikombe ni nafasi na muda: arobaini vinajaza baraza, na kumwagilia kimoja kimoja kunachosha. Viriba vyeusi vya miche bado vinauzwa. Marufuku ya mifuko ya plastiki ya Juni 2019 ililenga mifuko ya kubebea bidhaa. Viriba ni rahisi, lakini mara nyingi huuzwa kwa kilo au kwa mia, nawe unahitaji arobaini. Wenye mgomba uani wana dawa bora zaidi: ganda kavu la mgomba likikunjwa kuwa kikombe na kufungwa kwa uzi wake linashika mwezi mzima, na mche unafukiwa nalo bila kugusa mizizi.

Trei ya mayai ya karatasi sikushauri kwa nyanya. Inafyonza maji, inaota ukungu, na kishimo chake hakitoshi mizizi ya wiki nne. Inaweza kutumika kuchipushia tu, halafu uhamishe miche ikiwa na majani mawili ya kweli, yaani kazi mara mbili.

Udongo ndio penye jasho. Mfuko wa udongo maalumu wa kuoteshea, ule wa mboji ya kinamasi inayotoka Ulaya, ni mwepesi, safi, na unafanya kazi. Unalipia meli, ushuru na lori. Nafuu zaidi ni vumbi la makumbi ya nazi, linalouzwa likiwa limeshindiliwa kama tofali na kuvimba mara kadhaa ukilimwagia maji. Hilo halina chakula cha mmea, na lisipooshwa vizuri kiwandani linabaki na chumvi. Lioshe mara mbili tatu kwa maji baridi kabla ya kutumia, kisha uchanganye na mboji. Kwa maana hiyo bei unayoiona kwenye tofali si bei yote; ongeza mboji na maji ya kuoshea.

Mchanganyiko wa nyumbani unatosha. Debe tatu za udongo wa juu mweusi, mbili za samadi iliyooza mpaka haina harufu, moja ya mchanga wa mtoni. Kwa miche arobaini pima kwa kopo badala ya debe, uwiano ukiwa uleule. Mchanga wa baharini una chumvi, usiuguse. Udongo wa tuta lililokuwa na nyanya, bilinganya au pilipili usiuguse pia, kwa kuwa umebeba minyoo fundo na mnyauko. Samadi mbichi itaunguza mizizi, hata ukipewa bure.

Gharama iliyojificha kwenye udongo wa bure ni kuusafisha. Kuna njia ya kuufunika kwa nailoni angavu juani, lakini inataka wiki nne hadi sita za jua kali, na masika hayakupi jua hilo. Kilichobaki ni moto. Tandaza udongo kwenye karai, mwagia maji yanayochemka mpaka uloe wote, funika kwa gunia, acha upoe na kuchujika hadi kesho yake. Mkaa wa sufuria moja mbili za maji ndio gharama yako yote. Ukiruka hatua hii unakaribisha kinyausi, ule ugonjwa unaokata shina la mche usawa wa udongo; jioni umesimama, asubuhi umelala. Dawa ya ukungu usiinunue kabla. Kinyausi kinazuiwa na udongo safi, matundu ya kutosha, miche isiyosongamana, na kumwagilia asubuhi badala ya jioni. Kikianza licha ya hayo yote, toa mche ulioanguka pamoja na udongo wake, punguza maji, ruhusu hewa.

Maji nayo yana bei usiyoiona. Visima vingi vya Dar na ukanda wa pwani ni vya chumvi, na mche mchanga unaungua ncha za majani kabla hata hujajua tatizo ni nini. Maji ya bomba ni sawa, ya mvua ni bora zaidi. Msimu huu yanashuka bure: weka ndoo chini ya mkondo wa bati.

Kuhusu taa nitakuwa mfupi. Usinunue. Huku kwetu mchana ni kama saa kumi na mbili mwaka mzima, na ukingo wa baraza unaotazama mashariki unatosha. Taa ya wati 20 ikiwaka saa 14 kwa siku inakula uniti 8.4 kwa mwezi. Na kama mita yako iko kwenye kundi la watumiaji wadogo wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, ongezeko hilo linaweza kukutoa kundini ukalipa bei ya juu kwa umeme wa nyumba nzima. Miche ikirefuka na kuwa myembamba kama uzi, isogeze kwenye mwanga. Wa Njombe, Makete na Lushoto shida yao ni baridi: mbegu inaweza kuchukua wiki mbili kuchipua. Nailoni juu ya chombo na nafasi karibu na jiko vinatosha mpaka ichomoze, kisha toa nailoni mara moja.

Sasa tulinganishe na kununua miche. Bei zinatofautiana mji kwa mji, hivyo tarakimu ninazoweka hapa ni za mfano wa kuonesha hesabu. Badilisha uweke za duka lako. Tuseme mche kitaluni ni shilingi 200. Arobaini ni 8,000. Nauli ya kwenda na kurudi 1,200. Jumla 9,200, sawa na 230 kwa mche.

Kuotesha mwenyewe kwa mbegu ya kawaida: pakiti ndogo 3,000, samadi 3,000, nauli 1,200, vyombo bure. Jumla 7,200, yaani 180 kwa mche. Ongeza mkaa. Tofauti ni ndogo, na kwa mara ya kwanza watu wengi hupoteza baadhi ya miche. Anayekuambia kuotesha kunaokoa pesa nyingi anakuficha hili: akiba haiko kwenye mkupuo wa kwanza. Iko kwenye wa pili na wa tatu, mbegu na samadi zikiwa zimeshalipiwa. Kama hutaotesha tena mwaka huu, sababu ya kuotesha iwe nyingine, si pesa.

Ukichukua kila kitu cha dukani, mambo hubadilika: trei 3,500, mfuko mdogo wa udongo wa kuagizwa 10,000, chotara kidogo 15,000, nauli 1,200. Ni 29,700 kwa miche arobaini, karibu 740 kila mmoja. Kwa bei hiyo ungenunua miche kitaluni mara tatu.

Kununua kuna mitego yake pia. Uliza kama bei ni pamoja na trei. Vitalu vingine hudai amana, na safari ya kuirudisha ni nauli tena. Uliza idadi ya chini wanayouza. Uliza aina, na usitosheke na jibu la "nyanya kubwa". Miche inayong'olewa na kufungwa mizizi mitupu ni rahisi kuliko yenye donge la udongo, lakini ikikaa foleni ya daladala mchana sehemu yake haitafika salama. Nunua alasiri, panda jioni ileile. Geuza majani utazame chini: ukiona vidudu vyeupe vinaruka, ni inzi weupe, wanaobeba virusi vya majani kujikunja, na hakuna dawa itakayoponya mche ulioambukizwa. Toa mche mmoja utazame mizizi. Iwe myeupe, isiyo na vinundu. Mzuri ni mfupi, mnene, wenye majani manne hadi sita ya kweli. Mrefu wenye maua muuzaji atakwambia umewahi kukomaa. Umechelewa kuhamishwa, uache.

Inzi weupe watakufuata hata barazani. Chandarua kikuukuu cha mbu kinazuia kuku, panzi na nondo wa kantangaze, lakini inzi weupe wanapenya tundu zake. Wavu mwembamba wa bustani huuzwa kwa mita, na kwa miche arobaini mita mbili zinafunika. Ukiwa na shilingi za kununua kifaa kimoja tu, nunua huo kabla ya trei.

Usipoteze chombo kwa visivyohitaji. Karoti na figili hupandwa palepale zitakapokaa. Ukizihamisha mizizi inapinda. Mchicha, kunde na bamia mwaga au chomeka moja kwa moja tutani. Tango na boga hazipendi kuguswa mizizi, zikioteshwa ziwe kwenye ganda la mgomba. Vyombo vyako viachie nyanya, nyanya chungu, bilinganya, kabeji, sukuma wiki na hoho. Hoho ina subira: siku nane hadi kumi na nne kuchipua, wiki sita hadi nane kufika saizi ya kuhamishwa. Anayetaka hoho za Juni na hajaanza Aprili anunue miche.

Gharama ya mwisho ni ya haraka. Mche uliolelewa kivulini ukitolewa siku moja kwenda jua la tutani unaungua majani, na sota wanamalizia shina usiku. Siku saba za mwisho utoe nje kwa muda wa saa moja asubuhi ya kwanza, ongeza kila siku, punguza maji kidogo. Kila shina livishe pete ya karatasi ngumu, nusu ardhini nusu juu. Otesha hamsini na tano upate arobaini, na ile itakayozidi mpe jirani mliyechangishana naye pakiti, akupe miche yake ya nyanya chungu.